BENI: Barakoa imfikie mkimbizi kabla ya faini

Mjini Beni, Kivu ya Kaskazini, kulikuwa na jambo lililoonekana mwaka 2020 karibu na vizuizi vya polisi na kwenye njia za kuingia sokoni. Mtu asiye na barakoa anasimama pembeni na kumngoja mwenzake apite kwanza. Huyo akishapita, anavua barakoa yake na kuirudisha kwa mkono wa mtoto. Wa pili anaivaa ingali na unyevu wa pumzi ya wa kwanza, anapita mbele ya askari, kisha inarudi kwa wa tatu. Barakoa ni moja, watu ni watatu, na hakuna aliyelipa faini.

Mbele ya askari, sheria imefuatwa. Mbele ya Korona, mlango umeachwa wazi. Barakoa iliyopita katika midomo ya watu watatu ni hatari, kwa sababu kila aliyeivaa amepokea mate ya mwenzake. Lakini wale watu watatu si wajinga wala si wakaidi. Wamejibu swali waliloulizwa. Swali lenyewe halikuwa "Utamlindaje jirani yako?" Lilikuwa "Utapitaje hapa bila kulipa?"

Hapo ndipo kosa la kampeni ile lilipokuwa. Barakoa, ambayo wengi Beni na Butembo wanaiita cache-nez, ilitangulizwa na faini badala ya kutangulizwa na maelezo, kitambaa na sabuni. Kwa familia zilizokimbia vita, faini ilifika kwanza, na mara nyingi ndicho kitu pekee kilichofika. Utaratibu huo ulipaswa kugeuzwa.

Mji uliokwisha kulipa ada ya shule

Beni haihitaji kufundishwa kwamba magonjwa ya kuambukiza yapo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo wa karibu miaka miwili watu 3,470 walipatwa na ugonjwa huo, na 2,287 kati yao wakafariki. Hata pale mwisho ulipokuwa unanukia, zikiwa zimebaki siku mbili tu watangaze, mgonjwa mpya alithibitishwa mjini Beni tarehe 10 Aprili, na hesabu ya siku ikaanza upya.

Kuna nyumba katika komini za Mulekera, Beu, Bungulu na Ruwenzori ambazo hazina mtu ambaye hakuzika ndugu au jirani. Ndoo yenye robine mlangoni mwa duka, kanisa na ofisi ilikuwa sehemu ya mji. Watoto wamekua wakisalimiana kwa kiwiko. Watu wa namna hii hawawezi kuambiwa kwamba hawajali afya yao. Wamelipa ada kubwa ya shule hiyo, na viongozi wanapaswa kukumbuka masomo yaliyotolewa humo.

Somo la kwanza ni kwamba nguvu bila imani inarudi kumpiga anayeitumia. Mnamo Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku chache kufika uchaguzi, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Watu wakajiuliza ni ugonjwa gani huo unaoambukiza kwenye sanduku la kura tu. Siku iliyofuata waandamanaji walivamia kituo cha kupokelea wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Tarehe 30 Desemba vijana wakapanga uchaguzi wao wa mfano, ili kuonyesha kwamba kura yao ipo.

Tangu hapo neno la mganga lilisikika kama neno la mwanasiasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Hakuna sababu inayohalalisha mauaji yale. Lakini anayetaka kuepuka kurudia historia ile aangalie jinsi shaka ilivyopandwa, ikamwagiliwa maji, ikaota.

Uso uliofunikwa unatisha

Somo la pili linahusu mavazi yenyewe. Wale waliokuja kumchukua mgonjwa walikuwa wamefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni: suti, miwani mikubwa, glavu, mabuti, na mdomo usioonekana. Mavazi yale yaliokoa maisha ya wauguzi. Bila hayo wengi zaidi wangekufa, maana hata hivyo wahudumu wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa. Lakini kwa familia, mtu asiye na uso alikuwa amemchukua baba, na baba hakurudi.

Ni lazima kukumbuka pia kwamba hapa ni Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika mji huu na katika vijiji vya mtaani, mara nyingi usiku, na watu ambao majirani hawawezi kuwatambua. Mahali kama hapa, kumwona mtu aliyefunika uso akitokea njiani si jambo dogo. Mama aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti au Mbau akisitasita mbele ya mtu aliyejifunika, hahitaji kuchekwa. Macho yake yameona mambo.

Je, hofu ile ilipunguzwa na nini? Haikupunguzwa na amri. Ilipunguzwa pale watu walipoanza kuonyeshwa. Shirika la ALIMA lilileta Beni chumba cha matibabu cha plastiki angavu kinachoitwa CUBE, ambamo mgonjwa alilala ndani na familia yake ikamwona kutoka nje, akila, akizungumza, na mara nyingine akipona. Katika nyumba ya kulelea watoto karibu na kituo cha matibabu, walionusurika ndio waliowabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga tayari. Mama aliyepona akisema "mimi nilikuwa kwenye kitanda kile", hakuna mganga mgeni anayeweza kumshinda kwa kuaminika. Chanjo nayo, ambayo mwanzoni ilikimbiwa, ilipokelewa na watu zaidi ya 300,000.

Ushindi ule juu ya Ebola haukuletwa na faini.

Kwa nini jana hapana, leo ndiyo

Raia wengi walikuwa na swali moja la haki kabisa, na mara nyingi hawakupewa jibu. Wakati wa Ebola waliambiwa: nawa mikono, usimguse mgonjwa, usiguse maiti. Hakuna aliyewaambia wafunike midomo sokoni. Waliambiwa hata kwamba ugonjwa hausafiri hewani. Korona ilipofika waliambiwa wafunike midomo. Je, walidanganywa jana au wanadanganywa leo?

Hawakudanganywa jana wala leo. Ebola inapita kwa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mtu ambaye ameshaanza kuugua, na zaidi ya mtu aliyekufa. Mtu ambaye bado hajaonyesha dalili haambukizi. Ndiyo sababu kwenye vizuizi vya njiani kipima joto na maji ya kunawa vilikuwa na kazi kubwa: mwenye homa alitambuliwa akawekwa pembeni.

Korona haina tabia hiyo. Inapita katika matone madogo yanayotoka mtu anapokohoa, anapoimba, hata anapozungumza tu, na mtu anaweza kuwaambukiza wengine kabla hajahisi homa yoyote. Kipima joto kitampitisha na atajiona mzima. Kwa hiyo kitambaa mdomoni ni kwa ajili ya yule ambaye hajui kama anao ugonjwa, na huyo anaweza kuwa kila mmoja wetu. Barakoa ya kitambaa hasa inazuia mate ya anayeivaa yasimfikie mwingine. Ya kwangu inakulinda wewe, ya kwako inanilinda mimi. Hiyo ni lugha ambayo watu wa Beni, waliozoea kulinda mtaa kwa kuamshana usiku, wanaielewa bila mkalimani.

Ni kweli pia kwamba wataalamu wenyewe walibadili ushauri. Mwezi wa Aprili 2020 OMS ilikuwa bado inasema barakoa za hospitali ziachiwe wahudumu wa afya na wagonjwa, maana dunia nzima ilikuwa inazigombania. Tarehe 5 Juni ikashauri barakoa za kitambaa kwa watu wa kawaida mahali ambapo ugonjwa unaenea na haiwezekani kukaa mbali, kama sokoni na kwenye magari ya abiria. Kubadili ushauri kwa sababu umejifunza zaidi si uongo. Uongo unaanza pale unapobadili bila kuwaambia watu kwa nini.

Hoja za wanaotaka faini

Walikuwako waliosema bila adhabu hakuna anayetii. Walitoa mfano wa Kinshasa, ambako barakoa ililazimishwa kuanzia Aprili 2020 na asiyeivaa alitozwa franka 5,000. Walisema tangu hali ya dharura ilipotangazwa tarehe 24 Machi 2020, watu walisikia redioni kila siku, na bado walijazana sokoni kidevu kikiwa kimevaa barakoa na pua ikiwa nje.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mfanyabiashara mwenye duka la vitambaa, mwenye gari, au kiongozi anayefika kwenye mkutano bila barakoa hana udhuru, na hakuna ubaya akiadhibiwa. Adhabu ni halali kwa mtu mwenye uwezo wa kutii ambaye amekataa. Lakini kumtoza faini asiye na uwezo hakumfanyi awe na barakoa. Kunampunguzia pesa ambayo angeinunulia.

Tuangalie majirani. Kenya ilianza na adhabu: mwezi wa Aprili ilitangaza kwamba asiyevaa barakoa hadharani anaweza kutozwa hadi shilingi 20,000 au kufungwa miezi sita, kiasi ambacho mtu wa mtaa wa mabanda hawezi hata kukiota. Uganda, ng'ambo ya Kasindi, mwezi wa Mei iliahidi barakoa ya bure kwa kila mtu kuanzia miaka sita, na ikaanza kugawa katika wilaya za mpakani. Ahadi hiyo ilikuwa nzito na ugawaji ulikwenda polepole. Lakini hapo serikali ilikubali jambo moja muhimu: ukimlazimisha mtu kuvaa kitu, una wajibu wa kuhakikisha anakipata.

Walikuwako pia waliosema: "Korona ni nini kwetu? Sisi tunauawa kwa mapanga." Mtu aliyepoteza watoto kule Mbau akisema hivyo, anyamaziwe kwa heshima kwanza. Tangu operesheni za jeshi zilipoanza mwishoni mwa Oktoba 2019, mamia ya raia waliuawa, na wenzao waliuliza ni kwa nini magari ya kutangaza Korona yalifika pale ambapo msaada wa usiku haukufika. Swali hilo ni la haki na linapaswa kujibiwa na wanaohusika na usalama. Hata hivyo, aliyeponea panga hapaswi kufia kikohozi. Mzee aliyebebwa mgongoni kilomita nyingi hadi akafika Beni hakuletwa ili aambukizwe na wajukuu wake ndani ya chumba kimoja.

Chumba kimoja, familia tatu

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Wakimbizi wa ndani wengi hawako katika kambi zenye mistari na namba. Wanaishi katika familia zilizowapokea, katika madarasa na katika makanisa, kuanzia Beni na Oicha hadi Butembo. Chumba kimoja kinalaza familia mbili au tatu. Kuwaambia wakae mbali mita moja ni kuwaambia walale nje.

Fikiria familia ya watu wanane. Wakitoa watoto wawili wadogo ambao hawafai kuvalishwa, wanabaki sita. Kila mmoja anahitaji barakoa mbili, moja ya kuvaa na nyingine ikiwa imefuliwa inakauka. Hizo ni kumi na mbili. Mama wa familia hiyo anaishi kwa kuuza mafungu ya sombe na lenga-lenga ya shamba la mtu mwingine, kwa sababu lake liko mahali ambapo hawezi kurudi. Biashara ndogo ya mpakani iliyomsaidia mumewe ilikatika mpaka wa Kasindi ulipofungiwa abiria mwaka 2020. Kati ya barakoa kumi na mbili na chakula cha jioni, hakuna anayehitaji kuuliza atachagua nini. Na hata akizipata, atazifua kwa sabuni gani, na kwa maji ya kuchota umbali gani?

Ndiyo maana barakoa isiyokuja na sabuni na maji ni nusu ya msaada. Ndoo zilizoletwa wakati wa Ebola zilikuwa bado zipo mwaka 2020, lakini mashirika yanapofunga ofisi, nyingi hubaki bila maji. Zijazwe. Hilo halihitaji mfadhili wa kutoka ng'ambo, linahitaji komini, kanisa, msikiti na kamati ya soko kukubaliana zamu.

Kinachowezekana hapa hapa

Beni na Butembo hazina upungufu wa mafundi cherehani. Butembo inajulikana kote kwa wafanyabiashara wake, na maduka ya vikwembe hayakosekani. Miongoni mwa waliokimbia vita wamo mafundi waliofika bila mashine lakini wakiwa na mikono yao. Pesa ya kununua barakoa ikitumika kuwalipa mafundi hawa, kazi itafanyika mara mbili: midomo itafunikwa na vyungu vitawekwa motoni. OMS inashauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu, la ndani likiwa la pamba linalonyonya unyevu, la nje likiwa la kitambaa kisichopitisha maji kwa urahisi. Fundi wa mtaani anaweza kufuata kipimo hicho akielekezwa mara moja.

Orodha ya wahitaji isitengenezwe mezani. Wakubwa wa nyumba kumi wanajua nani amepokea nani nyumbani kwake, na kamati za wakimbizi zinajua nani amefika wiki iliyopita. Majina yasomwe mbele ya watu, na idadi ya barakoa zilizoletwa na zilizogawiwa ibandikwe ukutani, maana mji huu umesikia sana maneno ya "biashara ya Ebola" na hautaki kuona biashara ya Korona. Walionusurika Ebola waitwe tena kuzungumza, kwa Kinande na kwa Kiswahili, sokoni na redioni.

Wauguzi wasisahauliwe. Barakoa za hospitali na glavu zifike kwanza kwenye vituo vidogo vya afya na vyumba vya matibabu vya watu binafsi. Wakati wa Ebola, mjini Beni, watu wengi, hasa watoto, waliambukizwa katika vyumba hivyo walipopelekwa kutibiwa malaria. Mahali mgonjwa anapokimbilia kwanza ndipo kinga inapotakiwa kwanza. Nesi akifunika uso, aseme jina lake na aeleze anachofanya kabla ya kumgusa mtu. Hilo halina gharama yoyote.

Na polisi? Nao wana kazi. Askari mwenye barakoa kumi mfukoni, anayempa mama mmoja na kumwonyesha jinsi ya kufunika pua, atakumbukwa mtaa mzima. Baada ya kila mtaa kugawiwa, baada ya maelezo kutolewa, hapo ndipo anayekataa kwa kiburi aulizwe. Na akitozwa, apewe risiti.

Ndugu wasikilizaji, mkiwa mnangoja hayo, yapo yaliyo mikononi mwenu. Usiazime barakoa wala usiazimishe, hata kwa mtoto wako. Ifunike pua na mdomo pamoja. Usiishike mbele, ivue kwa kamba, nawa mikono, ifue kwa sabuni kila jioni na uianike juani. Mtoto mchanga asivalishwe. Asiye na barakoa apishwe mahali penye hewa na nafasi, asifukuzwe kama mwizi. Mwenye cherehani na vipande vya kikwembe vilivyobaki, ashonee nyumba moja ya jirani iliyopokea wakimbizi.

Watu watatu wanaobadilishana barakoa moja kwenye kizuizi hawahitaji hotuba nyingine. Wanahitaji barakoa mbili zaidi. Siku watakapozipata, askari ataona kama wanaogopa faini au wanajali jirani, na mji wa Beni, uliozika watu wengi namna hii, umeshaonyesha mara nyingi unachojali.